Sekunde Nne za Loy Nerima

Loy Nerima anaogopa mlipuko, na kazi aliyopewa ni kutazama milipuko. Kwa muda mrefu pale machimboni nililijua jambo hilo mimi peke yangu, kwa sababu kazi yangu ni kupiga king'ora, na mahali pangu pa kukaa ni kizingiti cha kontena anamofanyia kazi. Mtu anayekaa mlangoni huona mengi, hasa akiwa mtu wa maneno machache kama mimi. Watu husahau kwamba yupo.

Loy ni Msamia wa Busia, upande wa Uganda. Nyumba yao ilikuwa karibu na mahali malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka mpaka. Alipokuwa na miaka tisa aliwauzia madereva karanga za kukaanga. Siku moja alisimama kumpimia karanga fundi wa pancha aliyekuwa anajaza upepo gurudumu la lori. Gurudumu likapasuka. Aliniambia hakusikia kitu. Alijikuta tu amekaa chini, karanga zimetapakaa, na yule fundi hayupo pale alipokuwa amechuchumaa. Walimkuta ng'ambo ya mtaro, na hakuwa mzima.

Tangu siku hiyo kitu kikilia ghafla, hata kama ni sufuria tu imeanguka, mikono ya Loy inakufa. Haitetemeki. Inabaki pale ilipo kama mikono ya mtu mwingine, kisha baada ya muda inamrudia.

Alisoma mpaka kidato cha nne, akajifunza kompyuta, akapata kazi kwa mawakala wa forodha pale Busia, kuingiza orodha za mizigo. Humo ndimo alimokutana na Emma, kijana dereva wa lori, Mteso wa Molo, kule Tororo. Wakaoana. Ofisi ilipopunguza watu, Emma alimleta yeye na watoto wawili nyumbani kwa wazazi wake, akarudi barabarani. Baba yake Emma ni Bartholomew Ekaju, fundi wa baruti wa machimbo yetu.

Machimbo hayo yako Molo, katikati ya mashamba ya muhogo na mtama. Tunapasua mawe ya kokoto. Mzee Ekaju amelipua mawe kwa miaka kumi na tisa, na kuna sheria moja aliyoikuta na ambayo hajaiacha: aliyewasha ndiye anayeingia kwanza. Baada ya mlipuko hakuna mtu anayesogea. Yeye hungoja vumbi litulie, huchukua mtaimbo wake, huingia peke yake, akigonga jiwe hili na lile na kusikiliza. Akiridhika huinua mkono, nami napiga king'ora cha amani, wengine wanaingia.

Zamani mashimo yalilipuka moja baada ya jingine, naye aliyahesabu kwa sikio huku akikunja vidole. Kama alijaza mashimo kumi na mawili akasikia kumi na moja, alijua kuna moja limelala humo likiwa hai, na siku hiyo hakuna aliyeingia. Lakini mambo yamebadilika. Siku hizi tunalipua mashimo arobaini kwa mara moja, yakifuatana kwa kasi ambayo yote arobaini yanakwisha kabla hujamaliza kusema jina lako na la baba yako. Sikio la mwanadamu linasikia mvumo mmoja. Mzee alibaki na vidole vyake bila cha kuhesabu.

Ndipo kampuni ilipomleta injinia, kijana mpole anayeitwa Vincent Bwire, pamoja na kamera.

Kamera yenyewe ni ndogo kama tofali. Iliwekwa ndani ya sanduku la chuma kinene lenye dirisha, karibu na ukuta wa mawe, mahali ambapo mtu hawezi kukaa akapona. Waya mrefu mweusi ulifukiwa ardhini kutoka pale mpaka kwenye kontena, zaidi ya mita mia nne, ukaingia kwenye kompyuta. Anayekaa kwenye kompyuta ndiye anayeifungua jicho, anayeipa mwanga au kuunyima, anayeiambia ianze na isimame. Hagusi kamera yenyewe kabisa.

Nilimwuliza Vincent inapiga picha ngapi.

"Elfu moja," alisema.

"Kwa siku?"

"Kwa sekunde, mzee wangu."

Akanieleza kwamba ukizicheza pole pole, kila shimo linaonekana likipokea moto: mwanga mdogo juu ya shimo, kisha ardhi inavimba. Unahesabu miale. Ikifika arobaini, mashimo yote yamelia.

Ila kumbukumbu ya hiyo kamera ni ya sekunde nne tu. Inajaza nne, kisha inafuta za zamani na kuandika mpya juu yake, bila kuchoka, mpaka mtu abonyeze kitufe. Ukibonyeza, inashika sekunde nne zilizopita hapo hapo. Ukichelewa, ulichokitaka kimeshafutwa. Mwanzoni kulikuwa na waya mwingine wa kukibonyeza kitufe hicho wenyewe baruti ikiwashwa, lakini mlipuko wa tatu uliukata, na kampuni ikasema tubonyeze kwa mkono wakati tunangoja mwingine. Mpaka leo tunangoja.

Msimamizi wetu, Maloba, alitaka kuleta shemeji yake kwa kazi hiyo. Mzee Ekaju ndiye aliyesema, akiwa anafunga kamba za viatu, "Kwangu kuna mtu anaijua kompyuta." Hakumtaja jina. Kesho yake Loy alikuja, akitembea nyuma yake kwa umbali wa shamba zima.

Hapo ndipo kazi yangu ya pili ilipoanza. Nyumbani kwa mzee Ekaju wanashika desturi kuliko majirani wengi. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkononi, na neno likiwapo linapitia kwa mtu wa tatu. Basi nikawa mimi yule mtu wa tatu. Mzee alisimama nje ya kontena, mgongo kwenye ukuta wa bati, Loy akiwa ndani ameikabili kompyuta, na kati yao hakuna hata hatua tatu.

"Opendi, mwambie mkamwana nataka kuona tena ile mashimo ya mwisho."

Niligeuza kichwa. "Anataka kuona ya mwisho."

"Nimesikia," Loy alisema. "Mwambie hiyo ya thelathini na nane ilichelewa kidogo."

"Anasema ya thelathini na nane..."

"Sina ugonjwa wa masikio," mzee alisema. "Mwulize ilichelewa kiasi gani."

Wachimbaji walicheka sana. Walinipa jina la Posta. Wakinikuta kwenye maji ya kunywa, walisema, "Posta, niambie huyu hapa kwamba namwomba kikombe," na huyo wa kikombe amesimama karibu nami. Mimi sikukasirika. Ila kuna kitu ambacho mtu wa kati hujifunza bila kufundishwa, nacho ni kulainisha. Mzee akisema, "Mwambie aache haraka ya Busia," mimi nilisema, "Anaomba uende taratibu." Loy akisema, "Mwambie amekosea hesabu," mimi nilisema, "Anafikiri labda kuna moja zaidi." Niliona ni heshima. Hakuna aliyenikataza.

Kuhusu hofu yake, Loy alipata njia ya kuipita. Sauti husafiri pole pole kuliko mwanga. Kutoka ukutani mpaka kwenye kontena, mvumo unachukua sekunde moja na kidogo. Kwenye skrini mwale wa kwanza unaonekana kabla masikio hayajapata habari. Katika kisekunde hicho kimoja mikono yake bado ilikuwa hai. Alikaa na kidole juu ya kile kitufe kirefu cha chini, macho kwenye skrini, na mwanga ukitokea tu alihesabu moja kimoyomoyo, akabonyeza. Kisha sauti ilifika, kontena likatikisika, na mikono yake ikafa juu ya meza. Nilikuwa namwona. Midomo nayo ilikuwa nyeupe. Baada ya muda alijinyoosha, akasema, "Tayari," kana kwamba hakuna kilichotokea.

Aliwahi kuniambia, "Usiseme kwa mtu, kaka Opendi. Wakijua, watamweka yule shemeji." Sikusema. Milipuko kumi na sita aliipata yote.

Wa kumi na saba ulikuwa siku ya Alhamisi, mwanzo wa mvua za masika. Mawingu yalikuwa yanapita kwa haraka, jua linatoka na kuzama. Malori ya kokoto yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani, na Maloba alikuwa ameshika njia kule chini kuzuia watu, akiwa na hasira kwa sababu ya kuchelewa. Mashimo yalikuwa arobaini. Juu ya kila shimo mzee alikuwa ameweka jiwe lililopakwa chokaa, kama kawaida yake, ili kamera ione namba. Mipira myembamba ya rangi ya chungwa, inayopeleka moto, ilitambaa kutoka shimo mpaka shimo.

Redio za mkononi zilikuwa tatu, moja ikafa betri wiki ile. Kati ya mbili zilizobaki, moja ilikuwa kwa mzee, ndani ya banda lake la chuma, na nyingine kwangu.

Nilipiga king'ora mara tatu. Mzee akaanza kuhesabu redioni. "Kumi. Tisa."

Wakati huo wingu lilifunika jua, na picha kwenye skrini ikawa nyeusi kama ndani ya chungu. Loy alishika kipanya, akaanza kuifungua jicho kamera. "Mwambie angoje," alisema.

Mzee alikuwa ameshafika sita. Mkono wangu ulikuwa kwenye redio. Kumkatiza mzee Ekaju katikati ya hesabu ni jambo ambalo sikuwahi kulifanya, wala sikuwahi kumwona mtu akilifanya. Nilifikiri, atamaliza kufungua, bado kuna muda. Nikanyamaza.

"Mbili. Moja. Moto."

Picha ilikuwa imerudi, lakini mkono wa Loy ulikuwa bado kwenye kipanya. Niliona mwale. Niliona mkono wake ukiinuka kuelekea kwenye kitufe. Mvumo ukafika ukamkuta njiani, na mkono ukasimama hewani, vidole vimetanuka. Kontena lilitikisika. Kikombe cha chai kilitembea mezani kikaanguka. Mkono ulikuwa bado pale pale. Kisha ukaanguka wenyewe juu ya kitufe kama kitu kilichokatwa kamba.

Hakusema "tayari."

Aliifungua picha. Ilianza katikati. Mwale wa kwanza ulioonekana ulikuwa wa shimo la ishirini na tatu. Ukafuata wa ishirini na nne, na kuendelea vizuri mpaka arobaini. Mashimo ishirini na mawili ya kwanza hayakuwamo. Kamera ilikuwa imeyaona, ikayaandika, na ikayafuta. Loy aliirudisha mpaka mwanzo mara tatu, kana kwamba mara ya tatu ingeanza mapema zaidi.

"Nimechelewa," alisema. Hakuugeuza uso. "Kaka Opendi, mwambie sijui. Mashimo ishirini na mawili sijayaona. Mwambie asiingie."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu mimi sikuyasema hivyo.

Nilibonyeza redio. Nilimfikiria mzee kule bandani, miaka yake kumi na tisa, na mke wa mwanawe akimwamuru asiingie. Nilimfikiria Loy pia, na kazi yake, na lile jambo aliloniomba nisilitaje. Nikasema, "Mzee, mkamwana anasema leo picha haijakaa vizuri."

"Haijakaa vizuri ni kazi ya mawingu," mzee alijibu. "Hata mimi nimeyaona. Nimesikia mvumo mzuri, mzito. Vumbi likitulia naingia."

Loy aligeuka akaniangalia. Nilimwambia, "Amesikia." Hilo nalo nilisema. Alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye skrini, kwa sababu picha ya moja kwa moja ilikuwa imeanza kuonyesha kitu ndani ya vumbi.

Dakika zilipita. Vumbi lilikuwa linaondoka kwa vipande. Loy alilivuta jicho la kamera mbali, akalirudisha karibu, akitafuta. Kwanza tuliona lundo la mawe yaliyopasuka, refu, linatoa moshi. Kisha upande wa kushoto wa skrini, nyuma ya lundo, tuliona mawe meupe matatu yenye chokaa.

Yalikuwa yamekaa kwenye mstari, kama mzee alivyoyapanga asubuhi. Jiwe lililopakwa chokaa haliwezi kubaki mahali pake juu ya shimo lililolipuka. Mengine thelathini na saba yalikuwa yametupwa tusikokujua. Haya matatu yalikuwa yanatutazama.

"Tano, sita, saba," Loy alisema polepole. Kutoka chini ya jiwe la kati mpira wa chungwa ulitokeza, ukaingia ndani ya lundo.

Wakati huo mzee akaingia kwenye picha.

Alikuwa anakuja kutoka upande wa kulia, akipanda lundo. Kutoka alipokuwa, lundo lenyewe lilimficha mawe meupe. Mtaimbo ulikuwa mkononi. Alisimama, akagonga jiwe. Hatukusikia kitu, tuliona tu chuma kikishuka na kuinuka, na kichwa chake kimeinamishwa upande kusikiliza. Akapiga hatua, akagonga tena. Alikuwa anaelekea kushoto. Baruti iliyobaki haitaki mengi. Chuma kimoja kwenye mahali pake kinatosha.

Sikumbuki nilikuwa nafanya nini. Loy ananiambia nilikuwa nimesimama na redio kifuani, mdomo wazi. Aliinuka, akanipokonya redio, akarudi mbele ya skrini.

"Papa, simama."

Hajawahi kumwita kitu chochote. Kwa miaka saba ya ndoa, hakumwita Papa, hakumwita mzee, hakumwita. Kwenye skrini yule mtu alisimama, mtaimbo umeinuliwa usawa wa kifua.

"Nani anasema?" mzee aliuliza redioni, ingawa alijua.

"Ni mimi. Usigonge. Hiyo chuma usiiweke chini pia. Ibaki mkononi."

"Opendi yuko wapi?"

"Yuko hapa. Papa, mashimo matatu hayajalia. Namba tano, sita, saba. Yako nyuma ya hilo jiwe kubwa lililo karibu nawe. Hatua nne, labda tano. Mpira uko chini ya mawe unayokanyaga, sijui unaishia wapi."

Mzee hakusogea. Kamera ilikuwa inamwonyesha vizuri sana, mpaka shati lilivyomgandia kifuani. "Opendi aliniambia picha haijakaa vizuri," alisema.

"Hayo si maneno yangu. Mimi nilisema usiingie."

Nilitazama sakafu ya kontena. Kulikuwa na chai iliyomwagika, imefika kwenye kiatu changu.

"Basi niambie nipite wapi," mzee alisema.

"Rudi kulia."

Alihamisha mguu, na Loy akapiga kelele ndogo kooni. Kamera inamtazama mtu kwa mbele. Kulia kwa Loy ni kushoto kwa mzee. Alikuwa amenyanyua mguu kuelekea kwenye mawe meupe.

"Simama, Papa. Nimekosea. Rudisha mguu pale pale ulipotoka. Pale pale. Sasa unauona mwamba wa Tororo kule mbali?"

"Nauona."

"Elekea upande wa mwamba. Kidogo. Lile jiwe lenye mstari mwekundu, kanyaga hilo, ni kubwa, halitatikisika. Sasa lingine. Hapana, usikanyage hilo dogo."

Alimtoa hivyo, jiwe kwa jiwe. Hapo mzee alikuwa amebakiza kama hatua sita kushuka lundo, na jiwe moja likaachia juu yake, likabingirika likagonga jingine. Sauti yake ilitufikia kupitia redio, kwa maana mzee alikuwa amebonyeza yake ili aseme neno. Ilikuwa ni "ka" moja kavu.

Mikono ya Loy ikafa. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha redio; kilishtuka kikabonyeza, kikafa hivyo hivyo. Redio zetu, ukishika kitufe, wa upande wa pili anakusikia tu, hawezi kukujibu. Mzee kule juu alikuwa anasikia pumzi ya mkamwana wake na hana njia ya kuuliza. Nilimwona akigeuza kichwa huku na huku. Akainua mguu, akaurudisha. Angeweza kudhani amenyamazishwa kwa sababu, au angeweza kudhani hakuna mtu, akaamua mwenyewe.

"Loy," nilisema. Hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na macho yanaona kila kitu.

Nilimshika mkono. Mimi si mtu wa kushika mikono ya wake za watu. Nilikifungua kidole kile, kisha kingine, kama unavyofungua mkono wa mtoto aliyelala na kitu, nikaichukua redio. Ilikuwa imelowa.

"Mzee, ni Opendi," nilisema. "Mkamwana anakuona. Mikono yake imekufa ganzi, hawezi kushika redio. Hofu ya mlipuko anayo tangu utotoni, ndiyo iliyomchelewesha leo. Yeye atasema, nami nitasema anavyosema. Sitabadilisha hata neno."

Kwa hiyo siri yake niliitoa, redioni, mbele ya Maloba, ambaye alikuwa amepanda kutoka barabarani kuuliza kwa nini king'ora cha amani hakijalia, na sasa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Sema," mzee alisema.

"Jiwe lenye ufa katikati," Loy alisema.

"Jiwe lenye ufa katikati," nilisema.

"Upande wa mwamba. Hapo. Ruka, usikanyage vumbi."

"Upande wa mwamba. Hapo. Ruka, usikanyage vumbi."

Aliruka. Mzee wa miaka sitini na mmoja, na mtaimbo mkononi. Akatua kwenye udongo mgumu, akatembea bila kuangalia nyuma mpaka akatoka kwenye picha. Loy aliendelea kutazama lundo tupu.

Maloba hakusema lolote kuhusu malori. Alishuka akayageuza yote.

Mashimo yaliachwa usiku kucha, ndivyo tunavyofanya. Mzee hakuja kwenye kontena jioni ile. Alikwenda nyumbani kwa njia ya shambani. Loy aliomba nimsindikize, akisema anaogopa boma kuliko alivyoogopa baruti. Nilimfikisha kwenye ua. Mama mkwe wake, mama Atai, alikuwa amesimama pale na kuku mweupe kwapani. Alisema tu, "Ulimwita mbele za watu. Ingia, haya mambo yana dawa yake." Kuku akachinjwa. Yaliyosemwa ndani siyajui, na si ya kuandika.

Asubuhi mzee alilazimika kurudi mle, kuunganisha moto mpya kwenye matatu yale. Hakuna mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Alikwenda bila mtaimbo. Kwa mara ya kwanza aliuliza redioni kabla ya kila hatua, na Loy alimjibu yeye mwenyewe. Maloba alikuwa amemfungia redio kwenye meza kwa utepe wa mpira, kitufe juu, ili hata mikono ikifa isikishike. Habari za shemeji yake hakuzitaja, si siku ile. Mzee alipochuchumaa juu ya jiwe la namba sita, nilitoka nje nikasimama nyuma ya kontena. Sikuweza kutazama. Nilirudi niliposikia anasema yuko bandani.

King'ora. Kumi, tisa, nane. Safari hii mkono wa Loy ulikuwa kwenye kitufe tangu kumi. Mwale ukatokea, akabonyeza, sauti ikaja ikamkuta ameshamaliza. Miale mitatu.

Vumbi lilipotulia, mzee alikuja kwenye kontena. Hakusimama nje. Aliingia, akasimama nyuma ya kiti cha Loy, kofia mkononi.

"Nionyeshe pale nilipokuwa nimesimama," alisema.

Loy alimwonyesha kwa kidole kwenye skrini. Ni jiwe bapa, limelala mbele ya lile kubwa. Akaicheza picha. Sekunde zile nne, zikichezwa pole pole, zinachukua zaidi ya dakika mbili. Kwanza hakuna kitu, mawe yamekaa. Kisha mwale. Kisha lile jiwe bapa linainuka, taratibu sana, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi, na chini yake unaonekana mwanga. Linakaa juu hivyo kwa muda ambao ungeweza kuhesabu vidole vya mikono miwili. Halafu halipo. Mahali pake panatoka mawe madogo madogo, yanakuja kwenye kamera moja moja, na mwisho ni vumbi.

Mzee alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili.

"Irudishe," alisema. "Mwanzo kabisa. Kabla jiwe halijainuka."